Mkasi Kwako, Cherehani Kwangu

Tarehe 3 Machi

Kwa binti yangu Dobi, na kwa mkwe wangu Mama Sare,

Barua ni moja, nakala mbili, na zimeingia posta pamoja. Asijione mtu kwamba kaandikiwa kwanza. Anayeshika kalamu ni mpangaji wangu, mwalimu wa chekechea, kwa hiyo herufi ni nzuri kuliko maneno. Maneno ni yangu.

Daktari wa macho amenipangia tarehe 29 Aprili, asubuhi. Anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kumtoa ni kazi ndogo, jicho moja kwanza halafu la pili. Kazi hiyo ndogo nimeshaikataa mara mbili. Nikiikataa tena, amesema wazi, nafasi yangu anampa mwingine na mimi nisirudi kumsumbua.

Sababu za kukataa nawaambia leo. Ya kwanza, naogopa. Ya pili, sioni haja ya kuona vizuri watu wasiosalimiana. Tangu nilipofunga duka langu la ushonaji, nikampa mmoja wenu cherehani na mwingine mkasi, hamjakaa chumba kimoja isipokuwa pawe na mgonjwa au bi harusi. Hata lile pazia la kijani lililotenga duka na chumba changu mlilikata katikati kwa kugombea. Nilikuwa nimekaa palepale. Niliusikia mkasi.

Basi sharti langu ni hili. Mtanishonea blanketi la viraka. Mmoja atashona uso, mwingine ataunganisha mgongo. Pamba ya kati ninayo hapa. Mtakuja wote wawili jioni ya tarehe 28, mweke mezani, nami nitapapasa. Nikiridhika kwamba mmefanya kazi moja, asubuhi nakwenda kwa daktari. Nisiporidhika nabaki na ukungu wangu, nimeshauzoea.

Kumbukeni nilivyowafundisha: mgongo uzidi uso kwa upana wa kiganja kila upande. Nani ashone nini, amueni wenyewe. Na simu marufuku. Nyinyi mkipigiana simu mnakatiana. Andikianeni. Mtu akiandika hupata nafasi ya kujirudi kabla ya kulamba bahasha.

Mama yenu
(nimeweka dole gumba, mstari siuoni)


Tarehe 9 Machi

Wifi,

Salamu. Natumaini mzima, na cherehani nayo nzima.

Barua ya Mama umeipata kama nilivyoipata. Sina muda wa kuzunguka, zamu yangu ya kufulia inaanza alfajiri na mashuka ya hospitali hayamsubiri mtu. Uso nitashona mimi. Uso ni kukata, vipande vidogo vidogo vinavyotakiwa kukutana pembe kwa pembe, na mkasi wa Mama uko kwangu. Mgongo ni vitambaa vikubwa, unaunga tu moja kwa moja mpaka unafika mwisho. Kazi hiyo cherehani huifanya hata fundi akiwa anasinzia. Utaiweza.

Nakuwekea kipande nilichokata na kushona jana, usije ukasema najisifu bure.

Wifi yako,
Dobi


Tarehe 16 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Kwanza kabisa pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto, ambao kila Jumapili wanamwulizia shangazi yao nami nakosa la kuwajibu. Sisi huku hatujambo. Sare za shule zimerundikana mpaka mlangoni, wazazi wanabisha hodi kabla sijapiga mswaki, lakini kazi ni kazi, nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Asante kwa kuona kwamba naweza kushona huku nasinzia. Hata hivyo, naomba tukumbushane kidogo. Kaka yako ndiye mtoto wa kwanza wa Mama, na mimi ndiye mkewe. Dukani kwa Mama siku zote mkubwa alishika uso, mdogo akashika mgongo, wewe mwenyewe ni shahidi. Halafu, wifi yangu, pembe hazikutanishwi na mkasi. Zinakutanishwa na mshono, na mshono ni cherehani. Kwa hiyo kwa heshima zote uso nitashona mimi, nawe kwa mkasi wako huo maarufu utatengeneza mgongo wa kupendeza sana.

Nami nakuwekea kipande changu, ukione kwa nafasi yako.

Wifi yako akupendaye,
Mama Sare

Nisalimie mashuka.


Tarehe 22 Machi

Kaka Greda,

Habari za kambini? Barabara mmeifikisha wapi, au bado mnakwangua mlima uleule? Nina jambo, na kabla hujaendelea kusoma inua mkono wa kulia uape kwamba humwambii mkeo. Umeinua? Haya.

Mkeo kaniandikia barua yenye sukari juu na pilipili chini. Nikacheka, nikapandwa na hasira, nikamwandikia jibu la kurasa nne. Nilipokuwa natafuta bahasha kikadondoka kile kipande chake alichoniwekea nione kazi. Kaka, yule mwanamke anashona! Mshono umenyooka, hakuna uzi uliolegea, pembe zimekutana zikasalimiana. Lakini kingo za kitambaa zimetafunwa. Nikakaa nacho dirishani nikijiuliza, hivi huyu anakatia nini sare za shule nzima? Mwenzangu wa zamu ana dada anayeishi mtaa wenu. Nikamtuma aulize, jibu likaja wazi: anatumia mkasi wa jikoni, ule wa kufungulia pakiti za maziwa, na dole gumba limeota sugu kama kisigino. Miaka yote hii. Na mkasi wa Mama umelala kwenye kabati langu, nautoa siku ya kupunguza suruali.

Aibu imenishika, sifichi. Lile jibu nimelichana. Uso ni wake. Namjua, hawezi kuuachia hata umtishie polisi, sasa hivi ninapoandika keshaanza. Kwa hiyo mgongo nitaunganisha mimi, kimyakimya. Simwambii, maana nikimwambia ataniandikia shukrani za kurasa saba, nami nitamjibu neno moja la kipuuzi na kuharibu kila kitu. Nataka tufike kwa Mama, anitazame akijiandaa kwa vita, halafu nikunjue mgongo.

Nina ile ovaroli ya Baba, aproni zangu za kazini zilizostaafu, na nusu yangu ya pazia. Umeapa, kumbuka.

Mdogo wako,
Dobi


Tarehe 23 Machi

Mume wangu,

Watoto wanakusalimu. Bomba la jikoni linaendelea kuvuja palepale uliposema umelitengeneza. Nimelifunga kitambaa.

Nataka nikuambie siri, na naomba isitoke kwako, hasa isimfikie dada yako hata akupigie magoti. Nataka uape kama ulivyoapa mbele ya wazee siku ile, tena kwa sauti, hata kama wenzako watakushangaa.

Wifi aliniandikia. Unayajua maneno yake yalivyo, hayana ngozi. Nami nikamjibu kwa adabu, lakini nilitia kidogo sumu, nakiri. Baada ya kuituma barua ndipo nikakichukua kile kipande alichonitumia, nikakiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kimekatwa kwa pumzi moja. Mimi sijawahi kukata hivyo tangu nizaliwe. Ila kimeshonwa kwa mkono, mume wangu. Vishono vidogo kama punje za mtama, mstari hadi mstari. Na kwenye pembe kuna doa, kajichoma sindano. Alijaribu kulifua. Yeye anayetoa madoa ya hospitali nzima, lake limebaki. Anatumbukiza mikono ile kwenye maji ya moto na sabuni kutwa, kisha anarudi nyumbani anashona kwa vidole vilivyovimba, kwa sababu cherehani ya mama yake iko kwangu, tena nimeifunika kitambaa chenye maua.

Nimelia kidogo. Nimefurahi kidogo pia kujua kwamba hata yeye huwa anajichoma.

Nimeamua, uso namwachia. Alivyo mbishi hawezi kuacha kuushona, kwa hiyo sina haja ya kumwambia, na nikimwambia atafikiri namwonea huruma. Mimi nitaunganisha mgongo. Nina mabaki ya kaki za sare, mashati yako mawili ambayo usiyatafute tena, na nusu ya pazia iliyo kwangu. Tarehe 28 atategemea nimebeba uso wa kumpiku. Natamani uwepo umwone.

Mkeo,
Mama Sare


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu Dobi,

Barua yako imefika pamoja na nyingine ambayo sitaitaja. Nimezisoma zote juu ya greda, injini nimezima, msimamizi akadhani natafakari mteremko.

Nimeapa, na mimi nikiapa nafunga mdomo. Ila niulize kama mtu asiyejua kushona hata kifungo: kwani kuna ubaya gani ukimwandikia tu wifi yako ukamwambia? Hapa kazini juzi greda mbili zilikutana njiani. Kila dereva alimpisha mwenzake, wote wakaingia pembeni kwenye matope, barabara ikabaki tupu. Tulizivuta mpaka jioni. Fikiria jambo hilo. Lifikirie sana. Mama ana nafasi hii moja tu.

Kaka yako,
Greda


Tarehe 2 Aprili

Mke wangu,

Bomba: kaza ile nati ya chini, kulia si kushoto.

Kuhusu siri yako, nakuomba mwandikie wifi yako mwenyewe umweleze. Nakuomba tena. Siwezi kusema zaidi, nimekula kiapo mpaka nimeshiba. Nilitaka kuwaandikia nyote wawili ukweli, nikachana. Nimeoa miaka yote hii na sijawahi kumsikia mmoja wenu akimsema mwenzake vizuri. Sasa mnasemana vizuri, na mnaniambia mimi, halafu mnanifunga mdomo. Sitaki niwe mimi wa kuliharibu hilo. Ila silali vizuri.

Mumeo


Tarehe 8 Aprili

Wifi,

Salamu. Watoto hawajambo? Waambie shangazi yao anawasalimu, na kwamba mashuka yamefurahi kusalimiwa.

Ya kugombea tuyaache. Kila mmoja afanye kazi yake, tukutane kwa Mama.

Nina swali, si langu, ni la jirani yangu wa ghorofa ya juu. Ana vitambaa vikubwa vya zamani anaviunganisha apate kimoja kipana. Ameunga viwili, mshono ukaangukia katikati kabisa, na kila akikikunja kinavimba hapo. Halafu upande mmoja unavutika, mwingine umekaza, kitambaa chote kimepinda kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Anashona kwa mkono, maskini. Afanye nini? Nilimwambia namjua fundi.

Kaka kaniandikia kisa kirefu cha greda zilizoingia matopeni. Nadhani jua la huko limeanza kumwingia kichwani.

Dobi


Tarehe 14 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Barua yako imenipa furaha ambayo sikuitegemea. Ile sehemu ya fundi nimeikata nikaibandika ukutani. Natania. Kidogo.

Jirani yako mwambie hivi. Asiunge vipande viwili, aunge vitatu: kipana kikae katikati, vyembamba viwili pembeni, ili mshono usikae pale panapokunjwa kila siku. Kabla ya kuunga akate ule ukingo mgumu wa kiwandani, huo ndio unaovuta. Nyuzi za vitambaa vyote zielekee upande mmoja, kutoka juu kwenda chini, asigeuze kimoja kulala na kingine kusimama. Avifue vyote kwanza, kinachotaka kusinyaa kisinyae mapema, ingawa la kufua wewe ndiye wa kumfundisha. Akimaliza, apige pasi mshono ulale upande mmoja. Mshono wa mkono ukiufungua katikati unaachia. Na mwambie apake mafuta vidoleni kabla ya kulala. Nimemwekea ile kofia ya chuma ya kidole. Mimi siitumii, nina cherehani.

Na mimi nina mteja. Analo pazia zito la zamani anataka kulikata linyooke, lakini mkasi wake unateleza, anaanza vizuri anaishia kwa jirani. Wewe ungemshauri nini?

Kaka yako kaniomba mara mbili katika barua moja nikuandikie. Nimekuandikia. Sijui alitaka nini zaidi.

Mama Sare


Tarehe 19 Aprili

Wifi,

Mteja wako achomoe uzi mmoja kwenye kitambaa, autoe wote kutoka upande huu hadi ule. Utabaki mstari mwembamba kama kijia, akate juu yake. Hata mkasi mbovu haupotei. Na huo wake akate nao msasa mara kadhaa, utapata makali. Nimemwekea kipande cha msasa.

Jirani anashukuru sana. Vipande vitatu vimelala vizuri. Kofia ya kidole imemtosha, utadhani alipimwa.

Tuonane tarehe 28. Usichelewe, na mimi sitachelewa. Juzi Mama kamwambia mpangaji kwamba blanketi lisipokuwa sawa haendi hatua moja, na kwa sauti aliyosemea, mpangaji anaona kama anaombea lisiwe sawa. Mama anaogopa kuliko anavyosema. Kazi yangu imekamilika. Yako je? Usijibu, barua haitawahi.

Dobi


Tarehe 29 Aprili, benchini

Kaka Greda, Mpokea Viapo,

Ulijua.

Naandika kutoka hospitali ya macho. Mkeo kakaa kushoto kwangu, ananisomea begani, na kalamu ataichukua wakati wowote. Ulijua tangu mwanzo, ukatuletea visa vya matope!

Jana jioni tulifika kwa Mama tukiwa tumefuatana. Ile meza ya kukatia ya dukani iko chumbani kwake siku hizi, na mpangaji alikuwa ameshatandaza pamba juu yake. Mama kakaa kwenye kiti, kajikwatua kama anayesubiri wageni wa posa. Akasema, "Haya, uso." Nikamtazama mkeo. Mkeo akanitazama. "Karibu wifi, toa," nikamwambia. "Aa, toa wewe wifi," akasema. "Sivyo, wewe." "Wewe bwana." Tukakaribishana pale mpaka Mama akagonga meza. Tukakunjua kwa pamoja.

Mume wangu, ni mimi sasa. Migongo miwili. Wangu wa cherehani, wake wa mkono, vipande vitatu vitatu, kipana katikati. Huyo ndiye jirani wa ghorofa ya juu, na mimi ndiye mteja wa pazia. Yote miwili imezidi kwa kiganja kila upande, imeuzidi uso ambao haupo duniani. Nikawaza, basi, Mama anabaki kipofu kwa sababu ya kupishana kwetu. Dada yako akaanza kupiga kelele kwamba kosa ni lake. Nami nikapiga kelele kwamba kosa ni langu. Tuligombea kosa lile kama tulivyogombea pazia.

Mama akasema tunyamaze. Akaagiza tuweke mgongo mmoja chini ya pamba, mwingine juu, tusimfanyie haraka. Kisha akapitisha mkono mmoja juu na mwingine chini, akaanza kutoka pembeni. "Ovaroli ya baba yenu," akasema. "Kaki ya sare. Hili shati la Greda, halijawahi kuwa na kola ya maana. Hii cherehani yangu inaruka ikipanda kitambaa kinene, Mama Sare, huitii mafuta. Huu mkono wa Dobi, na hapa alikuwa kachoka." Akafika katikati, mikono ikasimama. Lile pazia ambalo Mama huliita la kijani lilikuwa pale juu, na lilikuwa pale chini. Hatukuambiana. Kila mmoja aliweka nusu yake katikati kwa sababu ndiyo iliyokuwa pana. Mama akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nasi tukaanza kulia tukidhani analia.

Mimi Dobi tena. Alikuwa anacheka! Kacheka mpaka mpangaji akamletea maji. "Yaani kila mmoja kamwachia mwenzake?" Ndiyo Mama. "Bila kuambizana?" Ndiyo Mama. "Nimeshona tangu usichana wangu," akasema, "blanketi lenye migongo miwili sijalisikia. Upuuzi huu lazima niuone kwa macho yangu. Mpangaji, nitolee viatu vya kesho."

Basi tukalifunga kwa mafundo pamba isihame, mimi nakata uzi, mkeo anafunga. Asubuhi Mama kajifunika hilohilo mabegani, kaja nalo hospitali, manesi wote wamelisifu bila kujua linachekesha nini. Dakika hii yuko ndani, mlango umefungwa. Kabla hajaingia alinishika mkono, hakuuachia mpaka nesi alipomwita. Naogopa, kaka. Mkeo naye anaogopa, ndiyo maana anaongea na kila mtu benchi zima.

Si kweli. (Mkeo.)

Mpangaji, aliyetusindikiza, anakwenda posta sasa hivi, anasema kama tuna barua tumpe. Mlango unafunguka. Haya, kwaheri.

Dobi na Mama Sare


Tarehe 6 Mei

Kwenu nyote wawili,

Makosa yangu yote nayakubali, na mashati nimeyasamehe. Lakini ni watu gani wanaolamba bahasha wakati mlango unafunguka? Kambi nzima inasubiri, na simu huku mlimani haishiki. Mpishi kakataa kunipa chai mpaka nipate jibu. Mama anaona, au haoni?

Greda


Tarehe 15 Mei

Kwa Dobi, kwa Mama Sare, na kwa yule wa greda,

Leo hakuna mpangaji. Kalamu nimeishika mwenyewe na mistari naifuata mwenyewe, isipokuwa hapo juu nilipoipanda kidogo kwa furaha. Jicho la kulia wamelifungua bandeji. Nimesoma kalenda iliyo ukutani, nimesoma kopo la chai, nimemsoma na mpangaji, kumbe kijana hivyo! Nilidhani ni mtu mzima mwenzangu, kwa jinsi anavyolalamikia magoti.

Blanketi nililitandika kitandani, nikafungua dirisha, nikalikagua kama mteja mkorofi. Dobi, mishono yako ya pembeni imepanda mlima, na doa dogo la damu kwenye ovaroli ya baba yako nimeliona. Usije ukalifua. Mama Sare, umenyoosha kupita kiasi mpaka unatisha watu, lakini kipande kimoja cha kaki umekiweka kichwa chini miguu juu. Na pazia si la kijani. Ni buluu! Ni buluu iliyopauka, nami nimeliita la kijani miaka yote hiyo mbele ya watu, na hakuna aliyenisahihisha. Adabu zenu hizo zitakuja kuniua.

Sasa niwaambie kitu. Mkasi na cherehani niliwagawia vile kwa makusudi. Nilidhani mtaazimana. Basi, hakuna kingine. Nilidhani wiki haitakwisha kabla mmoja hajabisha hodi kwa mwenzake. Kitambaa nilikuwa najua kukipima, vichwa vyenu sikuvipima vizuri.

Kila asubuhi naligeuza, leo mgongo wa Dobi juu, kesho wa Mama Sare, asilalamike mtu. Ila uso bado nawadai. Mtoto wa jicho la kushoto anatolewa mwezi ujao, na safari hii sihitaji kubembelezwa, nitakwenda. Nyinyi njooni kabla ya hapo. Mmoja aje na mkasi, mwingine aje na cherehani, meza nimeshaifuta. Mmoja akate, mwingine ashone, na mzungumze mkiwa mnashona. Greda akipata likizo apite kwanza kwake atengeneze bomba.

Msiniandikie kwamba mnakuja. Nitakaa hapa dirishani, nitawaona tangu kwenye kona.

Mama yenu
(sahihi yangu, si dole gumba)